Fizi hutoka damu, ilhali meno hayana tobo wala hayaumi: tatizo ni nini?

Binti wa Ngamiani:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga mjini, na ninaomba msaada wa mtu mwenye elimu ya kinywa na meno. Kwa muda mrefu sasa, kila ninapopiga mswaki fizi za meno ya mbele ya chini hutoka damu, mate ninayotema huwa mekundu, na baadhi ya asubuhi naona doa la damu kwenye foronya. Sina jino hata moja lenye tobo na sisikii maumivu yoyote, na hiyo ndiyo sababu ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi hadi leo.

Kinachonitia hofu ni hali ya mama yangu mzazi. Meno yake hayakuwahi kutoboka, wala hatukumbuki akilalamika usiku kwa ajili ya jino, lakini alipokaribia miaka 55 yalianza kucheza moja baada ya jingine, na mengine aliyatoa mwenyewe kwa vidole yakiwa mazima. Wapo waliosema ni uzee, wapo waliosema ni mkono wa mtu.

Nimeuliza kwa watu na kila mmoja ana lake. Shoga yangu amenishauri niache mswaki mpaka fizi zipone, kwa kuwa kidonda hakiguswi. Jirani anasema nimepungukiwa na vitamini C, nile machungwa kwa wingi. Katika duka la dawa nilipewa vidonge vya metronidazoli, damu ikapungua kwa siku chache kisha ikarudi kama mwanzo. Nilipotaja kwenda kusafishwa meno, shangazi alinizuia kabisa, akidai kwamba kusafishwa ndiko kulikomlegeza meno yake. Je, yupi kati yao anasema kweli? Na nikienda kwa daktari, atanifanyia nini hasa?

Daktari wa Kinywa na Meno, Tanga:

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole kwa wasiwasi huo. Naomba nianze na lile ulilolichukulia kuwa dalili njema, yaani kwamba huumwi. Tobo la jino likishafika kwenye kiini humnyima mtu usingizi, naye huamkia kwa daktari akitaka lizibwe au ling'olewe. Ugonjwa wa fizi hauna tabia hiyo. Unaweza kukaa kinywani kwa miaka mingi bila maumivu ya kutajika, na katika miaka hiyo hauli jino, bali hula mfupa na nyuzi zinazolishikilia jino ndani ya taya. Kwa hiyo meno kutoka yakiwa mazima, kama ilivyomtokea mama yako, ni jambo tunaloliona mara kwa mara, na ingawa sijamchunguza, ugonjwa wa fizi ndio ninaoushuku kwanza. Umri peke yake haung'oi meno. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi umewapata watu zaidi ya bilioni 1 ulimwenguni, na sidhani kama wote hao wana maadui wenye uwezo huo.

Mambo huanza kwa utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya jino kila siku, hasa pale jino linapokutana na ufizi, ambao kwa Kiswahili tunauita ukoga. Ukoga ukiachwa hapo, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ufizi ili kupambana na bakteria hao, ufizi ukavimba, ukageuka mwekundu na kulainika, na mishipa yake midogo ikawa inapasuka kwa kuguswa kidogo tu. Hiyo ndiyo damu unayoiona. Katika hatua hii hakuna kilichopotea bado, na ukoga ukiondolewa vizuri kila siku fizi huweza kurudi katika hali yake ndani ya wiki moja au mbili. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, yaani lile gamba gumu la rangi ya manjano au kahawia ambalo mswaki hauna nguvu juu yake. Wala si ajabu kwamba damu yako inatoka kwenye meno ya mbele ya chini, kwa sababu matundu ya tezi za mate zilizo chini ya ulimi hufungukia nyuma ya meno hayo, na ugaga hujaa hapo mapema kuliko sehemu nyingi nyingine. Mahali pengine ni upande wa nje wa magego ya juu, karibu na tundu la mate la shavuni. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno yako ya chini. Ukikuta mikwaruzo badala ya utelezi wa jino, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeugusa ugaga.

Uso wa ugaga si laini, kwa hiyo ukoga mpya hupata mahali pa kujishikiza juu yake na kuteremka polepole chini ya ufizi. Ufizi nao huachana na jino, na kati yao hubaki mfuko. Katika ufizi wenye afya, nafasi hiyo ina kina cha milimita 1 hadi 3. Ninapopima na kukuta milimita 4 au zaidi, tena panatoka damu, ndipo ninapotaka kujua hali ya mfupa, na pengine nikaomba picha ya eksirei. Mfupa uliokwisha kupungua haurudi wenyewe, na katika sehemu kubwa ya kazi yetu tunachoahidi ni kuuzuia usiendelee kupungua. Ndiyo maana ninahimiza damu ishughulikiwe ikiwa bado ni damu tu.

Sasa nije kwenye ushauri uliopewa. Shoga yako ana nia njema, lakini kinachouumiza ufizi wako ni ukoga, si mswaki, na ukiacha kupiga mswaki utakuwa umeuachia ukoga nafasi yote. Endelea, tena usipaogope mahali panapotoka damu, ila tumia mswaki wenye nywele laini na mkono mwepesi. Jirani yako hakutunga jambo, kwa maana upungufu wa vitamini C kweli hutoa damu kwenye fizi. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau akaona wanapona upesi kuliko wenzao. Hata hivyo mabaharia wale walikuwa wakikaa baharini kwa miezi bila tunda wala mboga mbichi, na mtu wa Tanga anayepita kila siku kwenye marundo ya machungwa ya Muheza ni nadra sana kufikia hali hiyo. Kula machungwa kwa afya yako, lakini usiyategemee yaondoe ugaga.

Kuhusu vidonge, hapo naomba niwe mkali kidogo. Metronidazoli uliyopewa ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Hupunguza bakteria kwa muda, damu ikapungua, na mgonjwa akaamini kwamba amepona, ilhali ugaga uko pale pale na bakteria wanarudi siku chache baada ya dozi kwisha. Zaidi ya hayo, kila dozi isiyo ya lazima huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli huenda isikusaidie. Sisi tunaitumia kwa hali maalumu, kwa mfano uvimbe unaosambaa pamoja na homa, na hata hapo haichukui nafasi ya kuondoa chanzo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo hayana neno, yanaweza kutuliza ufizi uliovimba, lakini nayo hayaondoi kitu kilichoganda.

Ukienda kwa daktari, usitarajie akuandikie dawa kabla ya kukuuliza na kukutazama. Atataka kujua kama una kisukari au una mimba, kama unatumia sigara, ugoro au tambuu, na dawa gani unazozitumia kila siku, kwa sababu zipo dawa zinazovimbisha fizi, zikiwamo nifedipini ya shinikizo la damu na fenitoini ya kifafa. Kama unazitumia usiziache kwa uamuzi wako, bali mweleze. Ukiwa mvutaji pia usimfiche, maana nikotini hubana mishipa ya damu ya ufizi, na mvutaji huweza kuwa na ugonjwa mkubwa bila kuona damu yoyote. Kisha atachukua kifimbo chembamba chenye alama za milimita na kupima kina cha ufizi kuzunguka kila jino. Baada ya hapo ataondoa ugaga juu ya ufizi na chini yake, kwa vyombo vya mkono au kwa mashine inayotetema na kurusha maji, na pale ambapo mifuko ni ya kina atakuchoma sindano ya ganzi ili usisikie maumivu. Wengine humaliza siku moja, wengine huitwa zaidi ya mara moja. Jambo ambalo wagonjwa wengi hulipuuza ni kurudi baada ya wiki 6 hadi 12 ili apime tena, na mimi naliona ndilo lenye maana zaidi, kwa kuwa bila kipimo cha pili hakuna anayejua kama ugonjwa umesimama.

Kuhusu shangazi, kwa kifupi, ugaga haushikilii jino na kuuondoa hakuliondolei jino mizizi yake.

Mzee wa Raskazone:

Nimeyasoma maelezo ya daktari kwa makini na ninamshukuru kwa kutumia lugha tunayoielewa sisi wasio wa fani yake. Hata hivyo nina hoja mbili, na ya kwanza ni ya kinywani mwangu mwenyewe. Nilipostaafu nilikwenda kusafishwa meno kwa mara ya kwanza maishani, na baada ya kutoka pale nilihisi meno ya chini yanacheza ilhali nilipoingia hayakuwa yakicheza. Maji ya baridi yakawa yananichoma, na katikati ya meno pakawa na mianya ambayo sikuwa nayo. Binti huyu asiambiwe kwamba shangazi yake anaota, mimi sikuota.

Hoja ya pili ni kwamba wazee wetu wa pwani hii hawakuwa na mashine wala dawa ya meno ya kwenye tyubu. Walikuwa na mswaki wa mti, wakiutumia kabla ya kila swala, na wengi walizikwa na meno yao yote. Walitafuna tambuu barazani na fizi zao zilikuwa ngumu. Je, si kweli kwamba meno yameharibika tangu tulipoacha vya kwetu?

Daktari wa Kinywa na Meno, Tanga:

Shikamoo, mzee wangu. Nakubali kwamba hukuota, na nadhani jibu langu la mwanzo lilikuwa fupi mno kwa swali linalostahili zaidi ya sentensi moja. Ugaga unapokuwa mwingi hujaza nafasi kati ya meno na kuyaunganisha, mfano wa saruji iliyomwagwa kati ya mawe. Meno ambayo mfupa wake umekwisha kupungua hukaa kwa kushikana kwa njia hiyo, na mwenyewe hajui kwamba yamelegea. Saruji hiyo ikitolewa, kila jino husimama kwa mfupa wake lenyewe, na mfupa ukiwa mchache jino hucheza. Kulegea kulikuwapo kabla ya kusafishwa, ila kulifichwa. Mianya uliyoiona ndipo ugaga ulipokuwa, na pia ufizi uliovimba hunywea unapopona, ukaacha sehemu ya mzizi wazi. Mzizi hauna enameli, yaani lile tabaka gumu la nje la jino, na ndiyo sababu maji ya baridi yalikuchoma. Hali hiyo kwa kawaida hupungua baada ya siku au wiki chache, na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayopata ganzi na mchomo husaidia. Mara nyingi pia meno yaliyokuwa yakicheza kwa sababu ya uvimbe hukaza kidogo ufizi unapopona, lakini si yote, na yaliyopoteza mfupa mwingi huenda yasiokoke.

Hapa lawama nyingine nawapa wenzangu wa kazi. Mgonjwa anatakiwa aelezwe haya kabla kifaa hakijaingia kinywani, na atakapoelezwa baadaye ataona anapewa visingizio. Shangazi wa dada yetu angeambiwa mapema kwamba baadhi ya meno yake yamekwisha kulegea chini ya ugaga, leo asingekuwa anawazuia watu kwenda hospitali.

Kuhusu mswaki wa mti, sina ugomvi nao hata kidogo. Nyuzi za mti wa mswaki, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, zikitafunwa zikawa laini huondoa ukoga kama mswaki wa dukani unavyouondoa, na anayeutumia mara kadhaa kwa siku kwa utulivu anaweza kuwa na fizi nzuri kuliko mwenye mswaki wa bei kubwa anaoutumia kwa haraka. Upungufu wake ni namna wengi wanavyoutumia. Husugua meno ya mbele kwa nje tu, kwa nguvu na kwa kwenda kushoto na kulia, mpaka ufizi unarudi nyuma, wakati upande wa ndani wa meno ya chini na nyuma ya magego hapafikiwi. Pia mti hauna kiasi cha floraidi kinachotosha kulinda meno dhidi ya kutoboka katika zama hizi za sukari nyingi. Kahawa chungu ya barazani haina kosa. Kashata zinazoisindikiza, zikiliwa kidogo kidogo tangu magharibi hadi usiku, ndizo zinazoyafanya meno yaoge sukari muda wote. Ushauri wangu ni kutumia vyote viwili: mti mchana, mswaki na dawa ya meno asubuhi na kabla ya kulala.

Kwa tambuu siwezi kukubaliana nawe, mzee, na naomba usinione mkosefu wa adabu. Ufizi wa mtafunaji unaweza kuonekana mgumu, lakini popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa hata isipochanganywa na tumbaku, na ikichanganywa nayo hatari huongezeka. Kabla ya saratani, popoo huweza kuikakamaza ngozi ya ndani ya mashavu mpaka mtu akashindwa kupanua kinywa kumeza tonge. Mtafunaji yeyote mwenye doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, asikae nacho hata kama hakimuumi.

Baba Mtarajiwa, Pongwe:

Naomba nami niulize kwa kuwa mada ni moja. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, na tangu mwezi wa tatu wa mimba fizi zake zimevimba na kutoka damu, hali ambayo hakuwa nayo. Mama mkwe anasema ndivyo ilivyo, kila mimba huondoka na jino lake kwa sababu mtoto huchukua kalisi ya mama, na kwamba si vizuri mjamzito kuguswa meno mpaka ajifungue. Tusubiri?

Muuguzi, Muheza:

Ndugu yangu, daktari ataongeza akiona inafaa, lakini kwa kuwa ninafanya kazi kliniki ya wajawazito swali hili nalisikia sana, na jibu ni kwamba msisubiri. Homoni za ujauzito huufanya ufizi uitikie ukoga kwa ukali zaidi, ukoga ule ule ambao kabla ya mimba ulikuwa ukivumilika. Mtoto hachukui kalisi kwenye meno ya mama. Jino lililokwisha kukomaa haliachii kalisi yake kwa njia hiyo. Meno hupotea kwa sababu nyingine: mama hutapika mara kwa mara na asidi ya tumboni huilainisha enameli, hula vitu vitamu au vichachu kidogo kidogo kutwa nzima, huacha mswaki kwa sababu povu linamtia kichefuchefu, kisha anazuiwa kwenda kutibiwa kwa miezi tisa. Mkishayajumlisha hayo, mtaona jino linaondokaje bila mtoto kuhusika.

Miezi mliyomo sasa, yaani wa nne hadi wa sita, ndiyo ambayo mama hukaa kwa raha zaidi kwenye kiti cha daktari wa meno, kwani kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Kusafishwa meno na sindano ya kawaida ya ganzi haviwadhuru mama na mtoto. La muhimu ni kumwambia daktari kwamba ana mimba, ili aepuke dawa zisizofaa. Tetrasaiklini, kwa mfano, hubadilisha rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni. Akitapika, asipige mswaki papo hapo. Asukutue kwa maji, asubiri walau nusu saa, kisha apige mswaki.

Niongeze jambo moja kwa Binti wa Ngamiani, kwa kuwa daktari alilitaja kisukari kwa neno moja tu akapita. Kama hujawahi kupima sukari, pima. Sukari ikiwa juu, ugonjwa wa fizi huwa mkali, na fizi zikiwa na ugonjwa, sukari nayo inakuwa ngumu kudhibiti. Nimeona watu wanaobadilishiwa dawa za kisukari mara kwa mara bila yeyote kuwaambia wafungue kinywa.

Daktari wa Kinywa na Meno, Tanga:

Muuguzi amesema kweli yote, na lile la mwisho lina ushahidi wa kutosha: kutibu fizi za mgonjwa wa kisukari hushusha sukari yake kwa kiasi, si kikubwa, lakini kinapimika. Baba Mtarajiwa, mpeleke mkeo wiki hii. Kama kwenye ufizi kumeota kinyama chekundu kinachotoka damu kwa urahisi, msiogope sana. Huwatokea baadhi ya wajawazito na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua, ila kionwe.

Binti wa Ngamiani:

Nawashukuru sana wote, na Mzee pia, kwa kuwa nilikuwa na swali lake moyoni nikashindwa kuliweka vizuri. Nimekubali kwenda kusafishwa. Naomba nimalizie kwa maswali madogo. Kupiga mswaki vizuri ni kupigaje, maana nilidhani najua? Katika Ramadhani nifanyeje, kwa kuwa kinywa hukauka na fizi, ambazo siku nyingine haziumi, huanza kuuma? Na mwanangu wa miaka minne anapenda kujipigia mswaki mwenyewe na kumeza dawa. Je, ana umri wa kutumia dawa yetu ya watu wazima?

Daktari wa Kinywa na Meno, Tanga:

Dada, elekeza nywele za mswaki pale jino linapoingia kwenye ufizi, ziinamie upande wa ufizi kidogo, kisha tikisa kwa mwendo mfupi mfupi mahali pamoja kabla ya kusogea kwenye jino la pili. Anza na upande wa ndani wa meno ya chini, kwa kuwa mahali tunapoanza ndipo tunaposafisha vizuri kabla ya kuchoka, na kwako ndipo penye shida. Kinywa kizima huchukua kama dakika 2. Ukimaliza tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mswaki haupiti katikati ya meno, na ugonjwa wa fizi hupenda kuanzia huko, kwa hiyo mara moja kwa siku, usiku, pitisha uzi wa kusafishia meno au viburashi vidogo kama mianya yako inaviruhusu. Muulize daktari atakayekusafisha akuonyeshe kwenye kioo ukubwa unaokufaa. Kijiti cha kuchokolea nyama baada ya pilau hakifanyi kazi hiyo, na kikitumika kwa nguvu kinajeruhi ufizi. Ukila chungwa au embe bichi la chumvi na pilipili, ngoja walau nusu saa kabla ya mswaki. Mkaa, magadi na ndimu ninavyosikia vikisifiwa kwa kung'arisha meno uviache, kwa kuwa huweza kuondoa tabaka la jino lenyewe, na kilichoondoka hapo hakioti tena.

Katika Ramadhani, piga mswaki na dawa ya meno baada ya kumaliza kula usiku, na tena baada ya daku kabla ya alfajiri; kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, na punguza tambi za sukari na kaimati za kuja kuongezea usiku wa manane. Mchana mswaki wa mti unatosha. Habari ya dawa ya meno wakati wa saumu mwulize sheikh wako. Kwangu mimi, mwenye kupiga mswaki vizuri nyakati hizo mbili hajapoteza kitu. Ila fizi kuuma si jambo la kungojea mwezi upite, na ulitaje utakapokwenda kupimwa.

Mtoto wa miaka minne anaweza kutumia dawa yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kiwango kinachoandikwa kwenye pakiti, nanyi watu wazima mnaweza kutumia hiyo hiyo. Tofauti ni kiasi: yeye umwekee sawa na punje ya njegere, na angekuwa chini ya miaka mitatu ungempaka tu kiasi cha punje ya mchele. Mwache aanze mwenyewe kwa kuwa anapenda, kisha chukua mswaki umalizie wewe, na uendelee hivyo hadi atakapofika miaka 7 au 8, kwani mkono wa mtoto kabla ya hapo haufiki kwenye magego ya nyuma. Mfundishe kutema, na tyubu ikae mahali asipoifikia.